Kizio Si Pambo la Jibu

Kuna kauli imezoeleka katika vyumba vya walimu wa sayansi, katika vitabu vya mazoezi, na hata kwa wazazi wanaowalipia watoto wao masomo ya ziada. Inasema hivi: katika kemia, la muhimu ni mwanafunzi aelewe dhana na aijue kanuni, vizio vya vipimo ni mambo ya mwishoni, vinabandikwa jibu likishapatikana. Selsiasi au kelvini, gramu au moli, paskali au atmosfia, vyote ni namna tofauti za kutaja kitu kilekile. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, wakiwamo walimu walionitangulia kazini kwa miaka mingi. Naipinga kuanzia kwenye msingi wake.

Kwanza niieleze kama wao wanavyoieleza. Wanasema kipindi ni kifupi na darasa limejaa, na mwalimu akishinda anakimbizana na vizio hatapata nafasi ya kufundisha kwa nini mmenyuko unatokea. Wanasema kelvini ni Selsiasi iliyoongezwa 273, basi, na kwamba badiliko la nyuzi 10 za Selsiasi ni sawasawa na badiliko la kelvini 10. Hilo la mwisho ni kweli tupu. Wanasema mtu mwenye akili atakitambua kizio kutokana na muktadha. Wanaongeza kwamba wanasayansi wenyewe hubadilisha viwango vyao, kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua mtoto kwa kitu kisichotulia. Mwisho hutajwa Marekani, nchi inayopima joto kwa Fahrenheit na bado ikapeleka watu mwezini.

Hoja hizi hazilingani kwa uzito, na sitazipa nafasi sawa.

Kwanza: kwamba dhana ni kitu kimoja na kizio ni kingine

Chukua namba 20. Mgonjwa wa kisukari amechomwa kidole, tone la damu limewekwa kwenye mashine, na kioo kinaonyesha 20. Ana hali gani? Ikiwa mashine inasoma milimoli kwa lita, sukari yake iko juu mno, karibu mara tatu ya kile kiwango cha 7.0 ambacho mtu aliyefunga kula akikifikia huhesabiwa kuwa na kisukari. Anahitaji dawa ya kuishusha. Ikiwa inasoma miligramu kwa desilita, sukari yake imeanguka hadi milimoli 1.1 kwa lita. Huyo anaweza kupoteza fahamu wakati wowote, na asipopewa sukari haraka anaweza kufa. Tarakimu ni zilezile. Ukimpa wa pili dawa ya wa kwanza, umemuua.

Vizio vyote viwili vinatumika duniani leo. Marekani huandika miligramu kwa desilita, Uingereza milimoli kwa lita, na Ufaransa mara nyingi gramu kwa lita. Sisi Afrika Mashariki tunaletewa mashine kutoka kila upande, na mgonjwa anaweza kupimwa nyumbani kwa kizio kimoja na kliniki kwa kingine. Daftari lake la kumbukumbu likiwa na namba tupu, daktari anayelisoma anabahatisha.

Ili kutoka kizio kimoja kwenda kingine unazidisha au kugawanya kwa 18, na hiyo 18 haikuokotwa popote. Moli moja ya glukosi ina gramu 180, kwa hiyo milimoli moja ina miligramu 180. Lita moja ina desilita 10. Gawanya 180 kwa 10, unapata 18, na ndiyo maana 7.0 ya Uingereza ni 126 ya Marekani. Kwa kreatinini, inayopimwa kuangalia figo, kizidishi ni kingine kabisa. Kwa kolesteroli ni kingine tena, kwa sababu kila molekuli ina tungamo lake. Sasa anayesema dhana ni muhimu kuliko kizio anionyeshe katika hesabu hii dhana imeishia wapi na kizio kimeanzia wapi. Asiyejua moli ni nini hawezi kuvuka kutoka miligramu kwenda milimoli, na anayeweza kuvuka ameshaijua moli. Huo ndio ufahamu ambao wenzangu wanadai kuutetea.

Tena kuna mahali ambapo hata kizio peke yake hakitoshi. Ripoti ya maji ya kisima inaweza kuandika nitreti 40, miligramu kwa lita, na msomaji akaridhika kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 50. Lakini miligramu za nini? Mwongozo huo unahesabu ayoni nzima ya nitreti. Marekani wanahesabu nitrojeni iliyomo ndani yake tu, na kikomo chao ni 10, ambacho ni sawa na kama 44 kwa hesabu ya ayoni nzima. Kama maabara iliyopima ilihesabu nitrojeni, ile 40 ni zaidi ya 170 kwa hesabu ya mwongozo, na maji hayo hayafai kukorogea maziwa ya mtoto mchanga, kwa kuwa nitreti nyingi huipunguzia damu yake uwezo wa kubeba oksijeni. Anayeyaita haya mapambo hajasoma ripoti ya maji akiwa na mtoto mikononi.

Pili: kwamba kelvini ni Selsiasi iliyoongezwa 273, basi

Mwaka 1742 Anders Celsius, mwanaastronomia wa Uswidi, alipendekeza kipimo chenye ngazi 100 kati ya kuganda na kuchemka kwa maji. Aliweka sifuri kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda; baada ya kufa kwake mwaka 1744 ndipo kipimo kikageuzwa kuwa hiki tunachokijua. Kilifanya kazi vilevile kikiwa kichwa chini, kwa sababu sifuri yake ni mahali pa kuanzia tu palipochaguliwa na watu. Saa zetu ziko hivyohivyo: sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha, wengine wanaanza usiku wa manane, na hakuna anayedai kwamba saa nne asubuhi ni mara mbili ya saa mbili.

Lakini mwanafunzi aliyefundishwa kuongeza 273 kama desturi ya mtihani ataandika bila wasiwasi kwamba nyuzi 20 ni joto mara mbili ya nyuzi 10. Kwa kelvini ni 293 na 283, tofauti ya asilimia tatu na nusu. Atapewa gesi iliyo kwenye nyuzi 25, aipashe hadi 50 bila kubadili kanieneo, naye atasema ujazo umekuwa maradufu. Kwa kweli umeongezeka kwa asilimia 8 hivi, kutoka 298 hadi 323. Na akipewa nyuzi 10 chini ya sifuri, kanuni yake itampa ujazo hasi, gesi isiyofika hata tupu. Kama hakushtuka alipoiona namba hiyo, hiyo dhana aliyofundishwa ni ipi?

Sifuri ya kelvini haikuchaguliwa kwa kura. Gesi ikipozwa kutoka nyuzi 0 za Selsiasi, kanieneo likiwa halibadiliki, hupungua kwa takriban sehemu moja ya 273 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Mwaka 1848 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimo cha jotoridi kisichotegemea zebaki, maji wala kitu kingine chochote maalumu. Alikijenga juu ya nadharia ya mitambo ya joto iliyoachwa na Mfaransa Sadi Carnot. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kelvini imefungwa kwenye thamani thabiti ya Boltzmann, ambayo ni kiungo kati ya jotoridi na nishati ya chembe. Maana yake, unapoandika K unasema jambo kuhusu mwendo wa molekuli, na unapoandika °C unasema umbali kutoka kwenye barafu inayoyeyuka. Hayo ni madai mawili tofauti yanayounganishwa na hesabu ya kujumlisha.

Nakubali kwamba katika hesabu ya joto linalopashia maji hakuna tofauti, kwa sababu pale tunatumia badiliko la jotoridi. Lakini kujua ni wapi tofauti ipo na wapi haipo ndiko kuelewa kwenyewe, na anayefundishwa kwamba haipo popote hawezi kujifunza kutambua. Pia sitetei ukali wa kumnyima mtoto alama kwa sababu ameandika alama ya nyuzi kabla ya K. Alama hiyo iliondolewa rasmi mwaka 1967, na kosa hilo halibadilishi jibu.

Tatu: kwamba muktadha utaonyesha

Hii ndiyo hoja ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inamwachia mtu wa mwisho kwenye mnyororo kazi ya kukisia, na huyo ndiye anayeumia.

Tarehe 23 Julai 1983, nchini Kanada, ndege ya Air Canada namba 143 ilijazwa mafuta kwa safari ya kutoka Montreal hadi Edmonton kupitia Ottawa. Ilikuwa Boeing 767, aina mpya iliyohesabu mafuta kwa kilo, wakati ndege nyingine za shirika hilo zilihesabu kwa paundi. Vipima mafuta vya ndege havikuwa vikifanya kazi, ikabidi mafundi wapime kina cha mafuta kwenye matangi. Wakapata lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kutoka lita kwenda kilo unahitaji densiti ya mafuta, nao walikuwa na namba: 1.77.

Wakazidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata 13,597. Wakatoa hiyo kwenye 22,300, ikabaki 8,703. Wakagawanya kwa 1.77 na kuagiza lita 4,917. Hesabu yote ni sahihi, hakuna tarakimu hata moja iliyokosewa. Isipokuwa 1.77 ni paundi kwa lita. Kwa kilo ilipaswa kuwa 0.803, na mafuta ya kuongeza yalikuwa lita 20,088. Ndege iliruka ikiwa na kilo 10,117 hivi, chini ya nusu ya ilizohitaji, na injini zote mbili zikazimika ikiwa angani. Watu 69 waliokuwamo walinusurika kwa sababu rubani, Robert Pearson, alikuwa mzoefu wa ndege zisizo na injini, na aliweza kuiteremsha kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli.

Waliofanya hesabu hiyo hawakuwa wajinga. Walikuwa na muktadha wote ambao mtu angeutaka: ndege iliyosimama mbele yao, mafuta mikononi, karatasi, na muda wa kurudia hesabu. Hesabu ilirudiwa kwa 1.77 ileile na ikatoa jibu lilelile. Kama kila mstari ungeandikwa kizio chake, lita mara paundi kwa lita, mstari wa kwanza ungeishia kwenye paundi, na yeyote ambaye angejaribu kuzitoa kwenye kilo angeona kwamba haiwezekani. Kizio kilichoandikwa hukagua hesabu hata pale mkokotoaji anapokuwa amechoka.

Tusidhani hayo ni ya Kanada tu. Nenda duka lolote la pembejeo uulize dawa ya kuua wadudu inachanganywaje. Mara nyingi utaambiwa visoda viwili kwa pampu, au kifuniko kimoja kwa pampu. Kisoda cha chupa gani? Kifuniko cha dawa ipi, maana kila kiwanda kina chake? Na pampu ipi? Kuna za lita 15, kuna za lita 20. Visoda vilevile kwenye pampu ya lita 15 vinatoa dawa kali kwa theluthi moja zaidi kuliko kwenye ya lita 20. Mkulima anayefuata maelekezo kwa uaminifu kabisa anaweza kuunguza nyanya zake, au akanyunyizia dawa hafifu inayowaacha hai wadudu sugu wakazaliane, na katika hali zote mbili ataambiwa alikosea yeye. Lebo ya chupa inasema mililita kwa lita 20. Ni sisi tuliomfundisha shuleni kwamba maneno yanayofuata namba si ya lazima.

Nne: kwamba viwango vyenyewe havitulii

Ni kweli kwamba vimebadilika. Mwaka 1982 muungano wa kimataifa wa kemia, IUPAC, uliacha atmosfia moja kama kanieneo sanifu na kuchukua bari moja, yaani kilopaskali 100 badala ya 101.325. Ujazo wa moli moja ya gesi kwenye nyuzi 0 ukatoka lita 22.4 kwenda lita 22.7. Vitabu vyetu vingi bado vinafundisha 22.4, na wenzangu wanalitumia hilo kama ushahidi kwamba mambo haya ni ya kubuni.

Mimi naona linathibitisha kinyume chake. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa kanieneo lake. Tatizo ni kwamba tumewakaririsha watoto 22.4 kama jina la mtu, bila sharti lake. Wanaijua pia 24, ya joto la chumbani. Sasa tuingie maabara na tuone gharama.

Mwanafunzi wa Nairobi anatia gramu 0.05 za utepe wa magnesi kwenye asidi ya hidrokloriki na kukusanya hidrojeni kwenye bomba la sindano. Kwa ile 24 anatarajia sentimita za ujazo 49. Lakini Nairobi iko juu, kanieneo la hewa ni takriban kilopaskali 83, na kwa nyuzi 20 moli moja ya gesi inachukua lita 29 na zaidi kidogo. Bomba linasoma karibu 60. Mwenzake wa Mombasa, kwenye usawa wa bahari na nyuzi 30, anasoma karibu 51. Wote wawili wamefanya kazi yao vizuri. Yule wa Nairobi anatazama bomba, anatazama kitabu, kisha anaandika 49. Nimeyaona madaftari ya namna hiyo mengi mno. Mtoto amefundishwa kuamini namba isiyo na masharti kuliko macho yake, na siku hiyo amejifunza kughushi matokeo.

Celsius mwenyewe alilijua hili. Katika andiko lake la 1742 alieleza kwamba kuchemka kwa maji kunategemea kanieneo la hewa, kwa hiyo sifuri yake, aliyoiweka kwenye kuchemka, ilikuja na sharti tangu siku ya kwanza. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, na mwalimu anayeandika ubaoni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100, akanyamaza, amefundisha jambo ambalo sufuria ya jikoni kwao inalikanusha.

Tano: Marekani

Hapa sitakawia. Wanakemia wa Marekani wanafanya kazi kwa Selsiasi na kelvini kama wenzao wote. Paundi yao tangu mwaka 1959 imefafanuliwa kisheria kuwa kilo 0.45359237 kamili, yaani inasimama juu ya mfumo wa metriki. Kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo ilikokotoa kwa metriki na kuwaonyesha wanaanga futi. Na mwaka 1999 chombo chao kilichotumwa kuichunguza hali ya hewa ya Mirihi kilipotea kwa sababu upande mmoja ulitoa takwimu za msukumo kwa paundi, na upande wa pili ukazisoma kama nyutoni. Mwenye kutafuta nchi iliyopuuza vizio bila kulipa atafute nyingine.

Sita: kwamba hakuna muda

Imebaki hoja ya muda, na ndiyo inayostahili jibu refu, kwa sababu anayeitoa kwa kawaida ni mwalimu aliyechoka kwa kazi halali.

Chukua somo la amonia, ambayo ndiyo chanzo cha mbolea za nitrojeni tunazonunua. Mwanafunzi anaulizwa kama nitrojeni na hidrojeni zinaweza kuungana zenyewe kwenye kelvini 298. Anapewa badiliko la enthalpia, kilojouli −92.2, na badiliko la entropia, jouli −198.7 kwa kelvini. Kanuni anaijua kwa moyo. Anazidisha 298 kwa 198.7, anapata 59,213, anaijumlisha na −92.2, na anahitimisha kwamba mmenyuko hauwezekani kabisa. Angegeuza jouli kuwa kilojouli angepata 59.2, na jibu lingekuwa −33.0: mmenyuko unaruhusiwa. Mwenzake aliyetumia 25 badala ya 298 anapata −87.2, alama ni sahihi, mwalimu anapita, na kosa linabaki kichwani.

Aliyefuata vizio hadi mwisho anaweza kwenda mbali zaidi. Atagawanya 92.2 kwa 0.1987, apate kelvini 464, yaani nyuzi 191, na atajua kwamba kwa kanieneo la kawaida, juu ya hapo mwelekeo unageuka. Kisha atajiuliza kwa nini viwanda vinafanya kazi kwenye nyuzi 400 hadi 500. Hapo umefika kwa Fritz Haber na Carl Bosch, kwenye kichocheo cha chuma kinachohitaji joto ili mmenyuko usichukue milele, na kwenye kanieneo la atmosfia zipatazo 200 linalofidia kile ambacho joto limekiharibu. Sababu zote hizo alizikuta njiani kwa sababu vizio vilimwonyesha njia. Mwalimu anayeviruka ili awahi dhana ataifundisha dhana hiyo kwa kukaririsha, na kukaririsha kunakula muda zaidi, kwa kuwa kila muhula kunaanza upya.

Kuna jambo moja tunalolifanya wenyewe. Miongozo mingi ya kusahihisha hukata nusu alama kwa kizio kilichokosekana. Kwa kufanya hivyo tumemwambia mtoto bei ya kizio: ni nusu alama, anaweza kumudu kuipoteza. Fundi wa Montreal, mkulima mwenye pampu na muuguzi mwenye mashine ya sukari hawana nusu alama ya kupoteza.

Kwa hiyo naomba tubadilishe. Jibu la namba lisilo na kizio lisipewe alama ya jibu, na mwanafunzi ajue hivyo tangu kidato cha kwanza. Kila mstari wa ukokotoaji uandikwe na vizio vyake, si mstari wa mwisho tu. Kila ujazo wa gesi utajwe pamoja na jotoridi na kanieneo, na shule zilizo nyanda za juu zipime kanieneo la kwao na kulibandika kwenye ukuta wa maabara. Na wewe msomaji ambaye si mwalimu, kama una mashine ya kupimia sukari nyumbani, angalia leo pembeni ya namba kumeandikwa nini, ukiandike kizio hicho juu ya kila ukurasa wa daftari unalompelekea daktari.